Tumbo likikataa mkono, usilikande

NI saa nane za usiku katika kijiji cha Gatwekera, Kibera. Mvua imenyesha tangu jioni na mtaro wa maji machafu ulio mbele ya mlango umefurika. Mtoto wako amejikunyata kitandani akilia tumbo. Hospitali ya Mbagathi si mbali kwa mwenye gari, lakini wewe gari huna, na vichochoro vya saa hizo si vya mama kutembea peke yake na mtoto mgongoni. Je, msomaji mpenzi, utafanya nini?

Bila shaka utafanya alivyofanya mama yako, na mama yake kabla yake. Utajipaka mafuta kidogo viganjani, utayasugua mpaka yapate moto, kisha utamkanda mtoto tumbo polepole hadi usingizi umchukue. Mimi mwenyewe nilikandwa na nyanya yangu mara nyingi hata leo nikisikia harufu ya samli, tumbo langu hutulia lenyewe.

Siku hizi mkono huo wa nyanya umepata mwenzake kutoka mbali. Ukipanda matatu za nambari 46 kutoka mjini kwenda Kawangware utapitia Hurlingham na Kilimani, mitaa ambako Wachina wengi wamefanya makao, wakafungua mikahawa, maduka ya vyakula vyao na kliniki za dawa za kienyeji za kwao. Wakazi wa Kawangware na Kibera huenda huko kila asubuhi kufua nguo, kupika, kulinda malango na kujenga maghorofa, na jioni hurudi na habari. Huyu atakwambia kuna mahali mguuni ukipabonyeza gesi inatoka. Yule atakwambia kuna mahali mkononi panapozuia kutapika. Wa tatu atakuletea karatasi iliyochorwa mwili wa mtu umejaa vitone kama aliyeshikwa na surua.

Je, ni kweli au ni porojo? Jibu ni kwamba kuna kweli ndani yake, na kuna hatari pia, na inafaa uvijue vyote viwili kabla ya kulitia mkono tumbo la mtoto.

UJUZI WA KALE

Wachina hawakuanza juzi kuja Afrika Mashariki na matibabu yao. Kundi la kwanza la madaktari wao lilifika Zanzibar mwaka wa 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na makundi mengine yamekuwa yakipokezana huko. Mjini Dar es Salaam, mwaka wa 1987, walianza kuwatibu wagonjwa wa ukimwi katika Hospitali ya Muhimbili kwa dawa za kienyeji za kwao. Katika miaka ya 1990 kliniki za watu binafsi zikachipuka Dar es Salaam, halafu Nairobi na Mombasa zikafuata.

Ukandaji wao huitwa tuina, neno linalounganisha kusukuma na kushika. Kubonyeza vitone kwa kidole ni ndugu wa ile tiba ya sindano, ila hapa sindano haipo. Vitabu vyao vya tiba vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Tabibu mmoja mashuhuri wa karne ya saba, Sun Simiao, aliwashauri watu kwamba wakisha kula wasiende kulala, bali watembee polepole na wasuguliwe tumbo mara mamia. Nyanya yangu hakumsoma Sun Simiao, lakini kulala baada ya ugali alitukataza vivyo hivyo.

Maelezo yao ni kwamba mwilini mna nguvu inayopita katika njia maalumu, na njia ikiziba ndipo maradhi huja. Wapasuaji wa maiti wamezitafuta njia hizo wasizione. Wanasayansi wa leo husema huenda kidole kinaamsha mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo ukatuliza tumbo. Hata hivyo, asije mtu akakudanganya kwamba kila kitu cha kale ni upuzi. Dawa ya malaria yenye artemeta, ambayo Kenya iliichagua mwaka wa 2004 kuwa ya kwanza kutumiwa, inatokana na mmea uliotajwa katika kitabu cha Kichina cha karne ya nne. Mama aliyeuchunguza mmea huo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Lakini kumbuka kwamba hakupewa kwa kukisoma kitabu tu. Alipewa kwa kuupima mmea wenyewe mpaka ukweli ukajitenga na hadithi.

SWALI LA KWANZA

Katika yote niliyoyasoma kuhusu tiba hii, jambo lililonivutia zaidi si vitone. Ni swali ambalo tabibu wa Kichina huliuliza tumbo kabla ya kulikanda.

Huweka kiganja juu ya mahali panapouma, akabonyeza kidogo, huku akimtazama mgonjwa usoni. Kuna maumivu yanayopenda mkono. Mgonjwa hushusha pumzi, uso ukalegea, akatamani mkono ubaki pale pale. Kuna na maumivu yanayokataa mkono. Mgonjwa hushtuka, akausukuma mkono, au tumbo lenyewe likakaza kama ubao. Katika elimu yao, maumivu ya kwanza huonyesha upungufu ndani ya mwili, na ya pili huonyesha kitu kilichozidi au kilichoziba.

Daktari wa upasuaji aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi hatakuambia habari za upungufu na kuzidi. Lakini ukimwendea na maumivu ya tumbo, naye atakulaza chali na kukubonyeza polepole, kisha atauondoa mkono ghafla akiangalia kama utaruka. Anatafuta jambo lile lile. Tumbo linalokaza lenyewe linaposhikwa mara nyingi lina usaha, damu au utumbo uliotoboka ndani yake, na hapo kazi ya kukanda imekwisha kabla haijaanza.

Kwa hiyo, ewe mama wa Gatwekera, mkono wako wa saa nane usiku ni chombo kizuri cha kuulizia. Weka kwanza, usikande. Mtazame mtoto usoni.

TUMBO LINALOPENDA MKONO

Tuseme tumbo limekubali. Mtoto hana homa, hatapiki mfululizo, tumbo ni laini, na ukimuuliza unagundua kwamba hajaenda choo kwa siku tatu, au amekula maharagwe mengi na tumbo limejaa gesi. Hapa mkono unaweza kusaidia.

Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo ili tumbo lilegee. Pasha mikono moto. Anza chini upande wake wa kulia, karibu na nyonga, panda mpaka chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, kisha teremka mpaka karibu na nyonga ya kushoto. Huo ndio mwendo wa mishale ya saa, na sababu yake haina uchawi wowote: ndivyo utumbo mpana ulivyolala, na ndivyo choo kinavyosafiri. Ukikanda kinyume unakirudisha kilikotoka. Endelea kwa dakika kumi au kumi na tano, kwa uzito ambao hautamfanya akunje uso. Asiwe ametoka kula muda huo.

Wataalamu wa Sweden walilijaribu jambo hili kwa watu 60 waliokuwa na shida ya kufunga choo, wakachapisha matokeo mwaka wa 2009. Waliokandwa dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, walipata nafuu ya maumivu na wakaenda choo mara nyingi zaidi, ila nafuu hiyo ilionekana vizuri baada ya wiki nane, si usiku mmoja. Tena hawakupunguza dawa zao za kulainisha choo. Basi atakayekuahidi kwamba atakufungua tumbo kwa mkando mmoja wa shilingi kadhaa, mwache aende zake. Maji ya kutosha, sukuma wiki, maembe na mapapai yatakusaidia kuliko yeye.

Vitone vyenyewe ni vingi, lakini vinne vinatosha kwa mambo ya tumbo. Vipimo huchukuliwa kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe, si vyako, kwa hiyo kwa mtoto tumia vidole vya mtoto.

Cha kwanza, na ndicho chenye ushahidi wa nguvu, huitwa Neiguan. Geuza kiganja kitazame juu. Weka vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko. Hapo vidole vinapoishia, katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi, ndipo penyewe. Bonyeza kwa dole gumba dakika mbili au tatu, kisha nenda mkono wa pili. Ni dawa ya kichefuchefu na kutapika. Mwaka wa 2015 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya watu wengine na kuyapima upya, walijumlisha majaribio 59 yenye watu 7,667 waliofanyiwa upasuaji. Walioshughulikiwa kitone hicho walichafukwa na kutapika kidogo kuliko waliofanyiwa maigizo tu, na hawakuonekana kuwa nyuma ya waliopewa dawa za kuzuia kutapika. Mimi nimekitumia katika mteremko wa Mai Mahiu, nikiwa kiti cha nyuma cha matatu pamoja na kuku wawili, na nilifika chini salama. Ushahidi wangu wa kuku wawili usiuhesabu, hesabu ule wa Cochrane.

Cha pili kipo mguuni. Tafuta kishimo cha nje chini ya pia ya goti, teremka upana wa vidole vinne, kisha sogea nje ya mfupa wa goko kwa upana wa kidole kimoja. Huitwa Zusanli, yaani mguu wa li tatu, na li ni kipimo cha urefu cha Kichina cha karibu nusu kilomita. Husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akipabonyeza hapo anaweza kuongeza li tatu nyingine. Li tatu hazifiki hata kilomita mbili, na wenzetu wanaofuata reli kwa miguu kutoka Kibera hadi Industrial Area kila alfajiri watacheka wakisikia hayo. Wachina hukitumia kwa tumbo lililojaa, kuvimbiwa na kukosa hamu ya kula. Ushahidi wake si thabiti kama ule wa Neiguan, lakini hakina gharama wala madhara.

Vile viwili vingine vipo tumboni penyewe. Kimoja ni katikati ya kitovu na chembe cha moyo. Cha pili kipo upana wa vidole vitatu kila upande wa kitovu. Hivi vibonyeze kwa wepesi wakati unapokanda, pumzi inapotoka.

Waja wazito wasikandwe tumbo kabisa. Neiguan wanaweza kukitumia kwa kichefuchefu cha asubuhi, ingawa katika hali hiyo matokeo yake hayajawa ya uhakika. Lakini kitone cha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kile kilicho juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, hata Wachina wenyewe huwakataza.

TATIZO LA KIBERA SI VITONE

Sasa tuambiane ukweli. Matumbo mengi yanayouma Kibera na Kawangware hayaumi kwa sababu njia za nguvu zimeziba. Yanauma kwa sababu mabomba ya plastiki ya maji yamepitishwa katika mitaro ile ile inayobeba uchafu, na bomba likipasuka wakati shinikizo la maji limeshuka, uchafu huingia ndani yake. Yanauma kwa sababu choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi, na usiku watu hutumia mifuko. Hakuna dole gumba litakalotibu hayo.

Mwaka wa 2012 watafiti waliokuwa wakifuatilia afya ya wakazi wa Kibera pamoja na KEMRI walichapisha habari za homa ya matumbo. Walilinganisha Kibera na Lwak, kule mashambani Siaya, wakakuta Kibera imezidi mara kadhaa, na walioumia zaidi ni watoto wadogo. Wengi wetu tulidhani mtoto wa mashambani, anayekunywa maji ya mto, ndiye aliye hatarini zaidi. Sivyo. Habari njema ni kwamba Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Kama wako hakuipata, uliza katika Kituo cha Afya cha Riruta ikiwa unaishi Kawangware, au zahanati ya serikali iliyo karibu nawe.

Vidonda vya tumbo navyo vina hadithi yake. Kwa miaka mingi tuliambiwa ni mawazo na pilipili. Mwaka wa 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua viini vinavyoishi ndani ya tumbo, na kwa kuwa wenzao hawakuwaamini, Marshall alivinywa mwaka wa 1984 akaugua. Walipata Nobel mwaka wa 2005. Viini hivyo hufa kwa dawa za antibiotiki pamoja na za kupunguza asidi, kwa wiki moja au mbili. Mtu anayekandwa chembe cha moyo mwaka mzima huku viini vinaendelea kumla anapoteza pesa, na siku moja atatapika damu.

TUMBO LINALOKATAA

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Homa ya matumbo isiyotibiwa, kwa kawaida ikifika wiki ya tatu, hulifanya eneo la mwisho la utumbo mwembamba kuwa dhaifu kama karatasi iliyoloa. Linaweza kutoboka lenyewe. Fikiria basi mkono wa mtu mwenye nguvu ukilikanda kwa bidii. Kidole tumbo huanza kuuma kitovuni kama gesi ya kawaida, kisha baada ya saa kadhaa maumivu huhamia chini upande wa kulia, na kikipasuka usaha humwagika tumboni. Kwa mtoto, minyoo mikubwa ya duara inaweza kujikunja pamoja ikaziba utumbo. Kwa mwanamume mzima utumbo mpana unaweza kujisokota kama kamba, ugonjwa ambao wapasuaji wa Afrika Mashariki wanaujua sana, na hakuna mkono wa nje utakaoweza kuusokotoa kwa kukanda. Kwa mwanamke aliyekosa hedhi, maumivu makali ya upande mmoja yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo humwaga damu ndani kwa ndani.

Kwa hiyo acha kukanda, na tafuta hospitali hata kama ni usiku, ukiona tumbo gumu au linalokataa kuguswa, homa pamoja na maumivu, matapishi ya kijani au ya damu, choo chenye damu au cheusi kama lami, tumbo lililofura ilhali hakuna choo wala hewa inayotoka, au mtoto anayelegea na kushindwa kuamka vizuri. Tena usidanganyike na nafuu ya kwanza. Tumbo linalopenda mkono saa nane linaweza kuukataa saa kumi na moja, kwa hiyo uliza tena na tena.

Kuhara nako si jambo la kukanda. Kinachoua katika kuhara ni maji kuisha mwilini. Kama huna pakiti za dawa ya maji na chumvi, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa juu. Mpe mtoto kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Zahanati itamwongezea tembe za zinki za siku kumi hadi 14. Kuhara kama maji ya mchele, kwa wingi na mfululizo, huenda ikawa kipindupindu, na hapo huna saa nyingi.

NA WAUZAJI JE?

Utakutana nao. Kuna wanaokushikisha chuma mkononi, kompyuta ikaandika kwamba ini limechoka, figo lina mafuta na damu ni chafu, kisha wakakuuzia makasha ya dawa ya bei inayozidi kodi ya nyumba. Mimi bado sijamwona daktari wa kweli anayejua ini la mtu kwa kumshikisha chuma. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaitambua tiba ya kienyeji na tiba mbadala, na inataka wanaoitoa wasimamiwe. Una haki ya kumuuliza mkandaji amejifunzia wapi, na kama ana kibali. Lakini swali zuri zaidi ni hili: "Ni tumbo la namna gani ambalo wewe hukubali kulikanda?" Anayejua kazi yake atakutajia papo hapo. Asiyekuwa na jibu, chukua kiko chako na mtoto wako uondoke.

Tukirudi Gatwekera, saa nane ya usiku. Mkono umewekwa, tumbo ni laini, mtoto amelegea usoni. Kanda, bonyeza mkono na mguu, mpe maji safi, na asubuhi mpeleke akapimwe minyoo hata kama amepona. Na leo, kabla giza halijaingia, muulize yule kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na kwenu kama hupokea simu usiku, kisha iandike nambari yake ukutani, mahali ambapo hata jirani anaweza kuiona.